Rodi, MIG au TIG: njia ipi ya kuvisha nikeli bila chuma kupanda?

Shafti ya pampu ya maji ya chumvi ikitolewa Uvinza hufika karakana imeliwa vishimo pale inapokaa pakingi, yaani kizibo kinachozuia maji yasivuje, huku sehemu nyingine zote zikiwa nzima kabisa. Mwenye mali hataki kununua shafti nyingine ya chuma kile kile, anataka ivishwe nikeli. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo fundi wa Gungu, Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, hukwama nalo: aivishe kwa rodi (fimbo yenye ganda la dawa), kwa MIG (bunduki inayolisha waya yenyewe), au kwa TIG (moto mkono mmoja, waya mkono wa pili)?

Aloi inayotajwa zaidi kwa kazi hii ni 625. Nikeli yake haipungui asilimia 58, kromu ni 20 hadi 23, molibdeni 8 hadi 10, na kuna niobi kidogo. Kromu na molibdeni ndizo zinazokataa kuliwa na chumvi, na ndizo unazolipia. Tatizo ni kwamba moto unaoyeyusha waya wa nikeli ndio huo huo unaoyeyusha mwili wa shafti, na vikishayeyuka vinachanganyika katika dimbwi moja. Mwili ukiyeyuka mwingi, chuma kinapanda ndani ya tabaka, kromu na molibdeni zinapungua, na vishimo vinarudi. Kwa macho huwezi kujua. Tabaka lenye chuma asilimia 3 na lenye asilimia 25 yanang'aa sawa yakishakerezwa.

Viwanda vya mafuta vimeliwekea jambo hili namba. Kiwango cha API 6A, cha taasisi ya petroli ya Marekani kwa vifaa vya vichwa vya visima, kina madaraja mawili kwa tabaka la 625: FE5, yaani chuma kisizidi asilimia 5, na FE10, kisizidi 10. Kipimo huchukuliwa milimita 3 au chini ya hapo kutoka uso wa awali wa mwili. Hakuna anayeilazimisha pampu ya chumvi kufuata kanuni za visima vya mafuta, lakini ni shabaha nzuri, na bila shabaha mafundi wawili watabishana hadi jioni kuhusu tabaka gani ni "safi".

Kabla ya kwenda mbali, neno kwa wenye maboti ya Kibirizi: maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi. Kuvisha 625 shafti ya boti la dagaa ni kumwaga pesa ziwani. Makala hii ni ya maji ya chumvi, asidi na mvuke mchafu.

Vigezo vya kulinganishia

Nimechagua vinne, na kila njia nitaipitisha humo humo.

Cha kwanza ni chuma kinachopanda: kiasi gani kwa kawaida, na unakidhibiti kwa nini. Cha pili ni unene: unahitaji matabaka mangapi, na je, kipande kina nafasi ya kuyabeba? Cha tatu ni vifaa, pamoja na gesi na umeme wa kwetu. Cha nne ni kasoro ambayo njia hiyo huileta hata fundi akiwa makini.

Bei ya mashine sikuiweka peke yake, kwa sababu kwenye kazi za nikeli bei ya waya hufanya bei nyingine zote zionekane ndogo.

Hesabu unayopaswa kuwa nayo kichwani

Uchanganyiko wa asilimia 20 maana yake sehemu ya tano ya tabaka ni mwili ulioyeyuka. Chukua mwili wenye chuma asilimia 98 na waya wenye nusu asilimia. Tabaka la kwanza litakuwa na chuma asilimia 20 hivi. Ukiweka la pili kwa uchanganyiko ule ule, sasa unayeyusha tabaka la kwanza badala ya mwili, kwa hiyo unapata asilimia 20 ya 20, yaani 4, na kile kidogo cha waya. Jumla ni kama 4.4. Umeingia FE5.

Kwa mkono mzito wa asilimia 30, tabaka la kwanza ni karibu 30, la pili 9 na kidogo, la tatu 3 na kidogo. Kwa mkono mwepesi wa asilimia 10, la kwanza ni 10 na kidogo, la pili ni 1.5 tu. Na ukitaka FE5 kwa tabaka moja, hesabu inakudai uchanganyiko ulio chini ya asilimia 5, jambo ambalo mkono wa binadamu haulifikii kwa uhakika.

Angalia tena namba hizo. Chuma hakipungui taratibu kadiri unavyopanda juu. Ndani ya tabaka moja dimbwi limejichanganya, kwa hiyo kiwango ni karibu kile kile kutoka chini hadi juu, kisha kinaanguka ghafla pale tabaka la pili linapoanzia. Ndiyo maana mkerezaji anaweza kuharibu kazi ya mchomeleaji bila yeyote kujua. Shafti iliyopata moto upande mmoja imepinda. Inafungwa kwenye mashine ya kukereza, kisu kinakula milimita 1 upande huu na milimita 3 upande ule. Upande wa pili tabaka la juu limeisha lote, na kinachoonekana, kinachong'aa na kupendeza, ni tabaka la kwanza lenye chuma asilimia 20. Vishimo vitaanzia upande huo huo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza utatumia mashine gani, uliza kipande kitakerezwa kina gani kabla ya kuvishwa, na nani atakinyoosha kabla ya kukerezwa mara ya mwisho. Kwa maoni yangu swali hili lina uzito kuliko lile la rodi au TIG.

Njia ya kwanza: rodi

*Chuma kinachopanda.* Mara nyingi ni asilimia 20 hadi 30, na fundi mwenye haraka huvuka hapo. Kwenye rodi, ampea moja hufanya kazi mbili: ukiongeza ili rodi iyeyuke haraka, umeongeza pia moto unaochimba mwili. Silaha yako ni kushuka. Rodi ya milimita 3.2 kwa kawaida huwaka kati ya ampea 70 na 110, na kwa tabaka la kwanza unataka upande wa chini wa kile kilichoandikwa kwenye boksi. Rodi iwe kwenye chanya, moto uwe mfupi, na ulenge ukingo wa mstari uliotangulia, si chuma kitupu kilicho pembeni yake. Mstari mpya ukikalia nusu ya mstari uliotangulia, nusu ya moto inaishia kwenye nikeli badala ya mwili.

Mstari wa kwanza kabisa hauna jirani. Wote unaangukia kwenye chuma, na uchanganyiko wake ni mkubwa kuliko wa mingine yote. Uanzishie mahali ambapo baadaye patakatwa, au nje ya eneo la pakingi.

Soma pia cheti cha rodi. Kiwango cha rodi za ENiCrMo-3, ndilo jina la rodi za 625, kinaruhusu chuma hadi asilimia 7 ndani ya rodi yenyewe. Rodi ya namna hiyo haiwezi kukupa FE5 hata ukiivisha juu ya nikeli tupu.

*Unene.* Matabaka mawili kwa FE10, matatu ukitaka kulala usingizi kwa FE5. Maana yake uchimbe mwili vya kutosha kabla: milimita 3 za kubaki na nyama ya ziada ya kukereza. Shafti nyembamba haina nyama hiyo.

*Vifaa.* Hapa rodi haina mpinzani Kigoma. Hakuna mtungi wa gesi wa kusubiri, hakuna mpira wa kuvuja, na unaweza kuifuata pampu hadi Uvinza ilipo. Ila mashine ya zamani ya transfoma hufuata umeme wa ukutani: volti zikishuka jioni, ampea zinashuka, zikirudi, uchanganyiko unapanda katikati ya mstari na hukujua. Inveta huvumilia zaidi. Na kuanzia Oktoba hadi Mei, rodi zilizoachwa wazi hunyonya unyevu. Zikaushwe kama boksi linavyoagiza.

*Kasoro.* Slagi, yaani ganda la taka linaloachwa na dawa ya rodi. Slagi ya nikeli hung'ang'ania kwenye bonde kati ya mistari, na ikibaki hapo tabaka linalofuata linaifunika. Grainda na brashi ya waya wa stenlesi isiyowahi kugusa chuma cha kawaida; brashi ya chuma hupaka chuma pale pale unapokikimbia.

Njia ya pili: MIG ya mapigo

*Chuma kinachopanda.* Kwa mashine yenye mapigo, yaani ampea zinazopanda na kushuka haraka haraka, na mpangilio mzuri, asilimia 10 hadi 20. Ukiiendesha kwa mnyunyizo wa kawaida bila mapigo, inaweza kuchimba kama rodi nzito au zaidi. Udhibiti ambao wengi hawaujui ni umbali wa ncha ya bunduki na kazi. Ukirefusha waya unaotokeza, waya wa nikeli hupata joto njiani kwa sababu una ukinzani mkubwa wa umeme, ampea zinashuka wakati mlisho wa waya uko pale pale, na mwili unayeyuka kidogo. Usizidishe hadi gesi ishindwe kufunika dimbwi.

Mwendo nao una hila. Wengi hudhani kukimbia kunapunguza kuchimba. Ukikimbia na ampea zile zile, unaweka nikeli kidogo kwa kila sentimita, moto unafika kwenye chuma moja kwa moja, na uchanganyiko unaweza kupanda. Mwendo wa wastani, dimbwi likitangulia kidogo mbele ya moto, ndio unaofunika mwili. Dimbwi likitangulia sana, linalala juu ya chuma bila kushikana nacho.

*Unene.* Matabaka mawili hufika FE5 bila taabu kama mipangilio haibadiliki. Kwa FE10 mawili pia, kwa sababu tabaka moja la asilimia 10 hadi 20 limekwisha kupita mpaka.

*Vifaa.* Gesi ni agoni safi au agoni yenye heliamu. Ile kaboni dioksaidi unayochomelea mageti isikaribie hapa, maana inaunguza uso wa nikeli na kuacha mistari myeusi isiyoshikana na tabaka la juu. Agoni inatoka mbali na mtungi ukiisha katikati ya tabaka, kazi inalala. Mashine ya mapigo yenyewe si ya kila karakana. MIG ya kawaida bila mapigo inaweza kutumika, lakini itendee kama rodi: panga matabaka matatu.

*Kasoro.* Kutoshikana. Mashine ikishushwa mno, hasa kwa mtindo wa kugusa-gusa ambapo waya hugusa dimbwi mara kwa mara, uchanganyiko unakuwa mdogo kwa sababu mbaya: nikeli imelala juu tu. Uchanganyiko sifuri si ushindi, ni tabaka litakalobanduka. Kidogo lazima kiyeyuke.

Faida kubwa ya MIG ni kasi. Kwa sahani pana au ndani ya bomba kubwa linalozungushwa, hakuna kati ya hizi tatu inayoifikia.

Njia ya tatu: TIG

*Chuma kinachopanda.* Hapa ndipo watu hudanganywa na jina. TIG inatenganisha vitu viwili ambavyo rodi na MIG vimevifunga pamoja: moto uko mkono huu, waya uko mkono ule. Uhuru huo unakupa uchanganyiko wa asilimia 10 au chini ukililisha dimbwi waya wa kutosha. Uhuru huo huo unakupa asilimia 40 ukisimama juu ya chuma kusubiri "kiive" kisha ukadondosha waya kwa uchoyo, kwa kuwa waya ni ghali. Nimeona tabaka zuri kwa macho, mistari kama magamba ya samaki, lililokuwa na chuma kingi kuliko la rodi lililofanywa bila mapambo. Kwenye TIG, ubahili wa waya ndio unaoongeza chuma.

Kanuni ya mkono: waya uingie ukingoni mwa mstari uliotangulia mara moto unapowaka, dimbwi lijengwe kwa nikeli kwanza, kisha lisogezwe kidogo kwenye chuma. Ukiona dimbwi linapanuka bila kuinuka, unayeyusha mwili.

Kuna TIG ya waya moto, ambayo waya hupashwa kwa umeme wake kabla ya kuingia kwenye dimbwi, na mashine ndiyo inayolisha na kuzungusha. Hii hufika asilimia 5 hadi 10, na ndiyo inayotumika sana ndani ya valvu za mafuta. Tabaka moja linaweza kutosha FE10. FE5 kwa kawaida ni mawili. Ni mtambo, si mashine ya begani.

*Unene.* Tabaka la TIG la mkono ni jembamba, kwa hiyo mawili hayajazi milimita 3 kila mara baada ya kukereza. Panga matatu, si kwa sababu ya chuma bali kwa sababu ya nyama.

*Vifaa.* Agoni safi, na inakwenda nyingi kwa kuwa kazi ni ya polepole. Upepo wa ziwani mchana ukipita karakana iliyo wazi, gesi inapeperushwa, funga turubai. Waya wa ERNiCrMo-3, yaani waya wa 625, una kikomo cha chuma asilimia 5 kwa kiwango, ingawa vyeti vingi huonyesha chini ya 1. Dai cheti.

*Kasoro.* Joto kujikusanya. Kazi ya polepole hupasha kipande kizima, na mwili uliopata joto huyeyuka upesi. Kipande kisizidi nyuzi 150 kati ya mstari na mstari. Kipimajoto cha kulenga ni rahisi na kinakaa mfukoni.

Kwa njia zote tatu kuna jambo moja linalopingana na ushauri huo. Shafti za chuma kigumu zenye kaboni ya kutosha zinahitaji kupashwa kabla, la sivyo mwili hupasuka chini ya tabaka. Kupasha huongeza uchanganyiko kidogo. Pasha tu. Tabaka la ziada linatibu chuma kilichopanda, lakini ufa uliofichwa hautibiwi na tabaka lolote.

Na zile za viwandani?

Leza hushuka chini ya asilimia 5, plazma ya unga iko karibu na 5 hadi 10, na utepe mpana unaoyeyushwa ndani ya slagi yenye umeme huwa karibu na 10. Utepe ni wa matenki na vyombo vikubwa. Wa milimita 60 kwa upana ni wa kawaida. Ukiwa na kipande ambacho hakina nafasi ya matabaka mawili, kukifunga kwenye kreti na kukipeleka kwenye karakana yenye mtambo kunaweza kuwa nafuu kuliko kukiharibu hapa.

Kujua ulichopata

Sumaku haifai. Nikeli ya 625 haivutwi, lakini chini yake kuna chuma kinachovuta kupitia milimita 3, kwa hiyo sumaku itanata hata tabaka likiwa safi. Mrututu ulioyeyushwa kwenye maji utaacha rangi ya shaba mahali ambapo chuma kiko wazi kabisa, na hiyo inafaa kutafuta shimo au ukingo uliosahauliwa. Hauoni tofauti kati ya asilimia 4 na 20.

Bunduki ya eksirei ya kupima metali ndiyo jibu, ila ipimwe uso uliokwisha kukerezwa, kwa kuwa inasoma ngozi tu. Pima sehemu kadhaa kuzunguka shafti, hasa upande ambao kisu kilikula sana.

Usipokuwa nayo, kuna njia ya daftari. Vika kipande cha majaribio tabaka moja kwa mipangilio utakayotumia, kikate, kisugue kwa msasa hadi kiwe kioo, kisha kipake asidi ya naitriki iliyochanganywa kidogo sana ndani ya spiriti. Vaa miwani na glavu, na fanyia nje. Mwili utafifia na nikeli itabaki nyeupe. Weka karatasi ya plastiki juu, chora mpaka wa nikeli na chora kwa rula mstari wa uso wa zamani wa chuma. Hamishia kwenye karatasi ya daftari la hesabu, uikuze, uhesabu vimraba. Vilivyo chini ya rula ukivigawa kwa vimraba vyote vya nikeli, umepata uchanganyiko wa tabaka la kwanza. Vimraba 12 kati ya 60 ni asilimia 20, na tayari unajua tabaka la pili litaishia wapi.

Uchague nini?

Kama pampu iko Uvinza na haiwezi kuondolewa, na mwili ni mnene: rodi, ampea za chini, matabaka matatu. Usione haya kuichagua.

Kama ni shafti ndogo au kiti cha valvu, fundi ana mkono uliotulia na mwenye mali amekubali kulipia waya wote unaohitajika: TIG. Mwenye mali akianza kubana waya, rudi kwenye rodi, haitamdanganya sana.

Kama ni sahani, flanji nyingi au bomba la kuzungusha, na una mashine ya mapigo na mitungi miwili kamili ya agoni: MIG, matabaka mawili, na kipande cha majaribio kikatwe kwanza.

Kama mteja ameandika FE5 kwenye karatasi na anataka namba ya maabara, njia zote tatu zinaweza kufika, lakini weka kwenye makubaliano kina cha kukereza kabla, unene wa mwisho na nani anapima. Mchomeleaji na mkerezaji wasaini karatasi moja.

Kama nafasi ni ya tabaka moja tu, usijaribu kwa mkono. Peleka kwenye mtambo, au mwambie mwenye mali anunue bushi nzima ya 625 na uipachike kwenye shafti ya kawaida. Kwa sehemu ndogo ya pakingi, mara nyingi bushi hushinda njia zote nilizozieleza hapo juu.